Papai Lisilokuwemo Kitabuni: Uchambuzi wa Kisa cha Mjamzito Aliyepungukiwa Damu Huku Akimeza Dawa

Mwanamke huyu aliingia chumbani kwangu akiwa na mimba ya wiki 25, na juu ya kadi yake ya kliniki mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "FEFO hatumii?" Wingi wa damu yake ulikuwa gramu 10.1 kwa desilita alipohudhuria mara ya kwanza, wiki ya 13, akapewa vidonge vya FEFO, yaani madini ya chuma na asidi ya foliki, kama wanavyopewa wajawazito wote. Wiki ya 21 ulipimwa ukawa 9.2, na sasa ulikuwa 8.4. Shirika la Afya Duniani humhesabu mjamzito kuwa amepungukiwa damu akiwa chini ya gramu 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Alianza basi na upungufu mdogo, akapewa dawa ya upungufu huo kwa miezi mitatu, akaishia na upungufu mkubwa zaidi. Ama hamezi, ama kuna jambo jingine, na waliomtuma kwangu walikuwa wameshaamua kwamba hamezi.

Ana umri wa miaka 26 na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alizaliwa katika kijiji kilicho karibu na Rajkot, jimbo la Gujarat nchini India, akaolewa na kijana wa familia ya Kigujarati iliyokaa Dar es Salaam kwa vizazi vitatu. Alikuja na mavyaa wake, mama wa mume, ambaye nyumbani wote humwita Ba na ambaye Kiswahili chake ni cha Kariakoo moja kwa moja. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Familia hii haili nyama, samaki wala mayai, na haijawahi kula.

Daktari alikuwa ameshaondoa yale ya kawaida. Hakukuwa na malaria wala minyoo ya safura. Kwa kuwa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huonekana sana katika baadhi ya jamii za Kigujarati, wakiwemo Walohana na Wabhanushali wa Kutch, kipimo chake kilifanywa kwa mke na kwa mume, na wote wawili wakaonekana salama. Kilichobaki bila maelezo kilikuwa kioo cha damu: chini ya darubini zilionekana chembe nyekundu ndogo zilizopauka na kando yake nyingine kubwa kupita kiasi, kana kwamba damu ya watu wawili imechanganywa. Mashine ya maabara huchukua wastani wa ukubwa wa chembe hizo, na wastani wa kidogo na kikubwa ni cha kati, kwa hiyo karatasi ya majibu ilisema ukubwa ni wa kawaida. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Nilimwomba anieleze alichokula jana tangu alipoamka hadi alipolala. Alijibu mavyaa. Alfajiri alikunywa kikombe cha maziwa moto yenye nyuzi za zafarani, pamoja na lozi 4 zilizolowekwa usiku na kumenywa. Saa mbili asubuhi alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili na thepla moja, ile chapati nyembamba ya Kigujarati, ambayo safari hii ilipikwa bila majani ya uwatu. Mchana alikula wali laini na dali ya choroko iliyotiwa kijiko kikubwa cha samli. Saa kumi ikawa chai tena. Usiku alikula bakuli nusu la khichdi, yaani mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi vikavurugika, na kabla ya kulala akanywa kikombe kingine cha maziwa, na kidonge chake cha FEFO akakimeza kwa maziwa hayo. "Kila siku, mwanangu, hajakosa hata siku moja. Mimi mwenyewe ninampa mkononi," alisema Ba, naye akatoa mkobani karatasi za vidonge zilizokwisha, zimefungwa mpira, moja juu ya nyingine.

Alama ya kuuliza ya kwenye kadi ilijibiwa na karatasi hizo. Alikuwa anameza, na alikuwa anameza vibaya. Kalsiamu na protini za maziwa huzuia sehemu ya madini ya chuma isifyonzwe tumboni, na majani ya chai yana kemikali zinazoyakamata madini hayo yakapita bila kutumika. Siku nzima ya mwanamke huyu ilianza kwa maziwa, ikaendeshwa kwa chai ya maziwa, ikafungwa kwa maziwa, na ndani ya kikombe cha mwisho ndimo dawa yake ilimozama.

Nilipouliza kwa nini maziwa, Ba alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mwavuli hufunguliwa mvua ikinyesha. Kidonge hicho ni garam, alisema, cha moto. Kinamchoma kifua, kinamfungia choo, choo chenyewe kinatoka cheusi kama mkaa. Maziwa ni thandu, ya baridi, yanakipoza. Ningependa wanaowacheka akina mama wa namna hii wasome tena sentensi hizo, kwa sababu kila alichokiona ni cha kweli: vidonge vya chuma husababisha kiungulia, hufunga choo, na huukoza choo weusi. Alikuwa ameyaona madhara ya dawa kwa usahihi kuliko yalivyoandikwa kwenye kadi, akayatafutia tiba ndani ya elimu aliyonayo. Mimi nimelelewa Tanga, ambako mzazi hunyweshwa uji wa pilipili manga ili baridi isimwingie, na bibi yangu alivigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi bila kusikia neno Ayurveda, tiba ya jadi ya India, maisha yake yote. Nilielewa anachosema kabla hajamaliza kukisema.

Orodha ya vilivyokatazwa ilikuwa ndefu kuliko ya vilivyoliwa. Papai, nanasi, embe, bilinganya, ufuta, sukari guru na uwatu vilikuwa vya moto, vingeiteremsha mimba. Mtindi, ndizi na machungwa vilikuwa vya baridi, vingemletea mtoto mafua na makohozi. Mboga za majani na kunde zilikuwa za gesi. Ukizitazama orodha hizi moja moja, kila moja ina mantiki yake. Ukizijumlisha, zinamwachia mjamzito wali, choroko, samli na maziwa. Ufuta, kunde na mboga za majani ndivyo vilivyokuwa vyanzo vya chuma kwa mtu asiyekula nyama. Machungwa, embe na papai ndivyo vingempa vitamini C inayosaidia chuma hicho kufyonzwa. Mtindi ulikuwa mmojawapo wa milango michache ya kupatia vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea, na milango mingine yote, nyama, samaki na mayai, ilikuwa imefungwa tangu azaliwe. Maziwa yanayo, ila si mengi, na akiba ya mtu aliyekulia chakula cha mboga tu mara nyingi huwa ndogo kabla hata mimba haijaingia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha feritini ya 8, yaani ghala la chuma lilikuwa tupu, na B12 ya pikogramu 140 kwa mililita, wakati chini ya 200 tayari ni upungufu. Chembe ndogo za damu zilikuwa za ukosefu wa chuma, zile kubwa za ukosefu wa B12.

Hapa inafaa kuuliza swali ambalo wengi wetu kliniki hatuulizi, kwa kuwa tunaridhika na kuliita jambo zima "imani potofu": je, hayo ndiyo Ayurveda inayosema? Ba alisema ndiyo, hivi ndivyo vaidya, tabibu wa Ayurveda, alivyomwelekeza mama yake. Nilitafuta tafsiri ya Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu mama vya tiba hiyo, ambacho kilikusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, nikasoma sura yake ya mwisho katika sehemu inayohusu mwili, ambamo mjamzito amepangiwa chakula mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ni maziwa matupu. Wa pili maziwa yaliyochemshwa na mitishamba yenye ladha tamu. Wa tatu maziwa yenye asali na samli. Wa nne maziwa yenye siagi. Wa tano samli. Wa sita na wa saba samli iliyopikwa na mitishamba hiyo. Wa nane uji wa mchele wa maziwa uliotiwa samli. Karibu kila mwezi kitabu kinaongeza kitu. 

Sura hiyo hiyo ina maonyo, nayo yameandikwa kwa namna ambayo msomaji wa haraka ataipita. Kinasema kwamba mama anayekula vitamu daima atazaa mtoto mwenye ugonjwa wa mkojo tunaoufananisha na kisukari, au mnene kupita kiasi. Anayekula chumvi daima, mtoto atawahi kuota mvi na makunyanzi. Anayekunywa pombe daima, mtoto atakuwa na kumbukumbu hafifu na akili isiyotulia. Kuhusu mvi sina la kusema. Kuhusu pombe, sijui ni nani leo angebishana nacho. Lakini neno linalorudiwa katika kila onyo ni lile la "daima": kinachokatazwa ni kushikilia ladha moja siku zote, na ladha zote sita zimetajwa, maana yake mama alitazamiwa kuzila zote. Orodha ya Ba ilikuwa imelidondosha neno hilo njiani, na onyo la kutokuzidisha likafika Dar es Salaam likiwa katazo la kutokugusa.

Na papai halimo kabisa. Haliwezi kuwamo, kwa sababu mpapai ni mti wa Amerika, na uliletwa India katika karne ya 16, pamoja na nanasi, na mabaharia wa Kireno, wale wale waliopita pwani yetu. Matunda mawili yanayoogopwa kuliko yote na wajawazito wa Gujarat, Tamil Nadu na kwingineko India ni wageni ambao Charaka hakuwahi kuwaona. Nilipomweleza Ba jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba moto wa papai haukuhitaji kuandikwa, kila mtu anaujua.

Nikiri kwamba hakukosea sana. Papai bichi lina utomvu mweupe wenye vimeng'enya vya papaini, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 katika British Journal of Nutrition utomvu huo uliufanya mji wa mimba wa panya kujikaza, huku panya wajawazito waliolishwa papai lililoiva hawakudhurika. Watu wengi huisoma habari hiyo nusu nusu, kila upande ukachukua nusu yake. Katika nyumba ya Kigujarati papai bichi si kitu cha kufikirika: hukunwa, likakaangwa kidogo kwa haradali na manjano, likaliwa na fafda, kitafunwa cha unga wa dengu, asubuhi ya Jumapili. Mtu wa kwanza aliyemkataza mkamwana wake papai huenda alikuwa na sababu, na alikuwa anazungumzia lile la kijani. Makubaliano yetu juu ya papai yalikuwa hayo: bichi lisiguswe mpaka ajifungue, lililoiva halina neno. Kwa nanasi hakuna hata hicho cha kushikia, kwani kimeng'enya chake kimo zaidi kwenye kikonyo kigumu ambacho hakuna anayekila, na kipande kimoja baada ya chakula hakijawahi kuteremsha mimba.

Zafarani niliiacha. Nyuzi tatu katika kikombe hazidhuru mtu. Kinachodhuru ni gramu kadhaa kwa mkupuo, na kwa bei ya zafarani hakuna familia itakayofika huko kwa bahati mbaya. Hata hivyo nilimuuliza mwenyewe, Ba alipotoka kwenda kulipia vipimo, zafarani ni ya nini. Alijibu kwa sauti ndogo, nusu Kiswahili nusu Kihindi, kwamba ni ili mtoto awe mweupe, na kwamba alikuwa akiviogopa vidonge vya FEFO kwa sababu kijijini kwao wanasema vinamtia mtoto weusi. Yeye mwenyewe ni mweusi kidogo kuliko mumewe na ameshaambiwa hivyo mara nyingi. Nilimweleza kwamba rangi hurithiwa, haipikwi, na kwamba kidonge hukoza choo peke yake. Sina hakika kwamba maneno yangu yalikuwa na uzito wa yale aliyoyasikia tangu harusini.

Katika dakika hizo chache za kuwa peke yetu alinieleza jambo lililokuwa kubwa zaidi. Tangu mwezi wa nne alikuwa akila udongo. Binti wa kazi alikuwa akimnunulia pemba, ule udongo mwekundu uliookwa vijiti ambao wajawazito wetu huutafuna, na alikuwa akiula usiku jikoni, vijiti vitatu, vinne, kisha anasukutua mdomo ili mumewe asisikie harufu. Aliona aibu kuusema kuliko alivyoona aibu kuhusu rangi. Hamu ya udongo huandamana mara kwa mara na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kukishika chuma kilichomo kwenye chakula, kwa hiyo mtu huutamani kwa sababu amepungukiwa na hupungukiwa zaidi kwa sababu anaula. Kwa tiba ya Ayurveda angekuwa na utetezi wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba vitabu vyake humwita mjamzito "mwenye mioyo miwili", na hutaka hamu zake zitimizwe kwa kuwa ni hamu za mtoto. Wa pili ndio ulionishangaza: Charaka anapouchambua ugonjwa wa kupauka, pandu, anautaja wa aina tano, na wa tano ni ule unaotokana na kula udongo. Anaonya kwamba udongo huziba njia za mwilini. Na miongoni mwa dawa anazoziandika kwa ajili ya kupauka kuna za chuma.

Kwa maneno mengine, kitabu kilichokuwa kikitajwa nyumbani humo kama sababu ya kukiogopa kidonge cha chuma kingemtambua mgonjwa huyu kwa udongo wake na kumtibu kwa chuma. Siandiki hivi ili kukisifu. Kitabu hicho kina mengi ambayo leo hatuwezi kuyakubali, na mpango wake wa maziwa na samli miezi minane ungemfikisha mahali pale pale alipofikia kama asingeongezewa kitu kingine. Lakini ilinipa pa kuanzia na Ba, na penye mkwe mwenye mamlaka juu ya jiko, pa kuanzia ni nusu ya kazi.

Uzito ulikuwa tatizo jingine. Alianza na kilo 46.5 na kwa wiki 12 alikuwa ameongeza kilo 1.5, wakati mwanamke wa umbo lake angetazamiwa kuongeza karibu 5. Bakuli nusu la usiku lilikuwa la makusudi. Sehemu nyingi za India, na si kwa Wagujarati tu, kuna fikra kwamba chakula na mtoto hugombania nafasi moja tumboni, na kwamba mtoto mdogo hutoka kwa urahisi. Mama hula kidogo ili ajifungue salama. Kwa binti wa kijijini ambaye hospitali iko mbali hofu ya mtoto mkubwa ina sababu zake. Kwa mwanamke anayeishi hatua chache kutoka hospitali yenye chumba cha upasuaji, sababu hizo hazipo tena, ila hofu ilipanda ndege pamoja naye. Hapa ule mwezi wa nane wa Charaka, uji wa maziwa wenye samli, ulinisaidia kuliko chati yangu ya uzito. Ba aliusikiliza, akaukubali mara moja, akasema mama yake naye alimpikia.

Samli pia niliiacha, ingawa inaliwa kwa imani kwamba humtelezesha mtoto atoke haraka. Samli huingia tumboni, haifiki njia ya uzazi. Ila huyu ni mwembamba na anahitaji nguvu.

Vidonge vya kutoka India nusura nisivione. Niliuliza mwishoni kabisa, kama desturi, kama kuna dawa nyingine yoyote, na Ba akatoa kikopo kidogo cheupe alichotumiwa na dada yake kwa mkono wa msafiri. Mkamwana alikuwa akimeza kimoja kila asubuhi tangu wiki ya nane "kuishika mimba". Lebo ilikuwa na majina ya mitishamba, na katikati yake maneno mawili: naga bhasma na vanga bhasma. Bhasma ni majivu ya madini yaliyochomwa mara nyingi hadi yakawa unga. Vanga ni bati. Naga, katika lugha ya watengeneza dawa hao, ni madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Tawi hili la tiba kwa madini lilistawi karne nyingi baada ya Charaka, na wafuasi wake husema kwamba kuchomwa huko huiondoa sumu. Damu za watu zinasema vingine. Mwaka 2011 na 2012 idara ya afya ya New York iliwakuta wajawazito 6 waliotumia dawa za Ayurveda kutoka India wakiwa na risasi ya kati ya mikrogramu 16 na 64 katika desilita ya damu, na baadhi ya dawa hizo zilikuwa ni za kulinda mimba. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2008 ulizipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti, ukakuta moja katika kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, humwathiri ubongo, na huingilia utengenezaji wa damu yenyewe. Kikopo kile hakikurudi nyumbani. Sampuli ya damu ilipelekwa nje ya nchi, na majibu yakarudi mikrogramu 9. Kuanzia 5 mjamzito hustahili kufuatiliwa na chanzo kutafutwa. Udongo nao huweza kuwa na risasi, na vyote viwili vilikuwa vimeshasimamishwa, kwa hiyo lawama sikuigawa.

Katika orodha nzima ya mambo yaliyokuwa yakifanyika ndani ya nyumba hiyo, kikopo hiki ndicho pekee kilichokuwa hatari kwa chenyewe, na ndicho pekee ambacho hakuna aliyekitilia shaka. Papai lililokuwa salama lilifungiwa mlango. Risasi ilipokelewa kwa mikono miwili kwa sababu imeandikwa kwa Kisanskriti.

Mume aliingia katika habari hii mara moja tu, alipopiga simu kuuliza mbona hata serikali ya India inawakataza wajawazito mayai na nyama. Alikuwa amesoma kuhusu kijitabu kilichotolewa mwaka 2017 na baraza la utafiti wa yoga na tiba asilia lililo chini ya wizara ya Ayush, ile ya tiba za jadi, ambacho kweli kiliwashauri waepuke nyama na mayai, chai na kahawa, hata hasira na matamanio, na ambacho madaktari wa huko walikipinga vikali. Nilimjibu kwamba katika utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 zaidi ya nusu ya wajawazito wa India, asilimia 52.2, walikuwa wamepungukiwa damu, na kwamba kwa nchi yenye takwimu hiyo kuwakataza watu mayai ni anasa. Kisha nikamwambia sikumwomba mkewe ale yai. Sikumwomba wala sikukusudia.

Mpango tulioupanga ulikuwa na mambo machache. Kidonge kihame kutoka usiku kwenda saa sita mchana, maziwa na chai vikae mbali nacho kwa saa mbili kabla na baada. Sindano za B12 zianze wiki hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna chakula cha mboga ambacho kingeijaza akiba ile kwa wiki zilizobaki. Kalsiamu itolewe jioni, mbali na chuma, kwa ajili ya risasi. Udongo uishe, nilimwomba badala yake atafune karanga au bisi kila hamu inapomjia, na ilimchukua karibu mwezi. Mtindi urudi mchana wakati jua ni kali, nao mbali na kidonge, saa ambayo hata Ba hakuuogopa.

Lililobaki lilikuwa moto wa kidonge. Ningeweza kumwambia Ba kwamba hakuna kitu kama hicho, na angeitikia kwa heshima, na kidonge kingerudi kwenye maziwa jioni ile ile. Badala yake nilimuuliza: Mama, ukiacha maziwa, ni kitu gani cha baridi ambacho kinaweza kupoza kidonge? Alifikiri, akasema amla. Amla ni tunda dogo chungu na kali la Kihindi, ambalo huuzwa likiwa limekaushwa au limesagwa katika maduka ya viungo ya mtaa wa Kisutu, na Ayurveda inalihesabu kuwa baridi ingawa ni kali. Ni miongoni mwa matunda yenye vitamini C nyingi kuliko mengi tunayoyajua. Watengeneza dawa wa zamani wana mchanganyiko wa chuma na amla kwa ajili ya watu waliopauka, na sidhani kwamba ulikuwa wa bahati tu. Nilisema amla ni sawa kabisa, na kwamba isipopatikana maji ya ndimu yatafaa. Aliandika mwenyewe nyuma ya kadi, kwa herufi za Kigujarati.

Baada ya wiki nne damu ilikuwa 9.7, na kiungulia kilikuwa pale pale. Hilo Ba alinikumbusha. Wiki ya 36 ilikuwa 11.2. Risasi ilishuka hadi 5. Alijifungua wiki ya 39, kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike wa kilo 2.8, na sifa zote za uzazi huo mwepesi zilikwenda kwa samli. Papai lililoiva halikuingia nyumbani humo hata siku moja mpaka mtoto alipozaliwa. Nililikubali hilo, machungwa yalikuwa yameruhusiwa, na papai si dawa kiasi cha kugombea.

Ambalo sikulikubali ni kuacha sindano. Familia iliona damu imepanda, mtoto amezaliwa, basi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama aliyepungukiwa B12 anaweza kuonekana mzima kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kupoteza alichokwisha kujifunza, kucheka, kukaa, akatetemeka. Madaktari wa watoto nchini India wanaijua hali hiyo vizuri. Utafiti wa muda mrefu wa Pune, India, uliotolewa matokeo mwaka 2008, uliwafuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye B12 ndogo na foliki nyingi, ukawakuta wakiwa na miaka 6 na dalili za mwili kutoisikia insulini vizuri, na vidonge tunavyogawa sisi vina foliki bila B12. Niliandika tarehe za sindano kwenye kadi ya mtoto, si ya mama, kwa sababu kadi ya mtoto haipotei.

Walikuja wiki ya sita kwa ajili ya sindano. Ba alikuwa amebeba bakuli la katlu, kashata ya uzazi ya Kigujarati yenye samli, sukari guru, gundi ya mti, tangawizi kavu na viungo ambavyo kwa desturi hufika 32, vyote vya moto, chakula cha kumrudishia mzazi nguvu. Mkamwana alikuwa ameshaanza kunenepa usoni. Ba alifunua bakuli, akachukua kipande kwa vidole, kisha akausimamisha mkono hewani na kuniuliza, kwa uzito wote, kama nina mimba. Nilipomwambia sina, akanipa.